Sura ya Sita: Kwa Nini Alumini Hutoboka Penye Skrubu

Swali ambalo wenye nyumba, mafundi wa paa na wenye magari ya zamani huuliza mara kwa mara ni hili: ikiwa alumini haishiki kutu, kama wauzaji wanavyosema, kwa nini bamba la alumini huota unga mweupe, likavimba chini ya rangi na hatimaye likatoboka, tena si katikati yake bali pale pale lilipokazwa kwa skrubu, bolti au riveti ya metali nyingine? Swali hilo lina uzito wa pekee katika eneo la Kariandusi, kati ya mji wa Gilgil na Ziwa Elmenteita katika Kaunti ya Nakuru, kwa sababu huko mambo matatu yamekutana mahali pamoja: maji ya ziwa yenye magadi, vumbi jeupe la mgodi linaloshika unyevu, na usiku wa baridi unaotandaza umande juu ya kila kitu cha metali kilichoachwa nje.

Alumini kweli haipati ile kutu nyekundu ya chuma, lakini huliwa, na huliwa haraka zaidi inapogusana na metali ya aina nyingine mahali penye unyevu. Uharibifu wa namna hiyo huitwa ulikaji wa kigalvani, yaani kuliwa kwa metali moja kwa sababu imeunganishwa na metali nyingine huku zote mbili zikiwa zimelowa. Sura hii inaeleza jinsi ulikaji huo unavyotokea na jinsi ya kuuzuia, na inakaa zaidi kwenye suala la mipako, yaani tabaka jembamba la metali au rangi linalowekwa juu ya metali nyingine, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika: mpako uliochaguliwa vibaya, au uliopakwa upande usiofaa, unaweza kuiharibu alumini kuliko kukosa mpako kabisa.

Gamba lisiloonekana

Alumini iliyokatwa sasa hivi huungana na oksijeni ya hewani mara moja na kujifanyia gamba la oksidi, ambayo ni mchanganyiko wa metali na oksijeni. Gamba hilo lina unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo jicho haliwezi kuliona. Hata hivyo ni gumu, limeshikamana na metali iliyo chini yake, na likikwaruzwa hujitengeneza upya palipo na hewa. Uimara wote wa alumini unategemea gamba hilo, wala hautokani na upole wa alumini yenyewe, ambayo kwa asili ni metali yenye pupa kubwa ya kuungana na vitu vingine.

Gamba hilo lina mipaka. Kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi au wa magadi katika maji, huanzia 0 hadi 14, na maji safi husimama kwenye 7. Oksidi ya alumini hutulia kati ya takriban 4 na 8.5, chini ya hapo asidi huiyeyusha, na juu ya hapo magadi huiyeyusha. Wapishi wanaochemsha mrenda au maharagwe kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini wamekwisha kuliona jambo hili, kwa maana sufuria hubadilika rangi ndani na kuwa na weusi, na chanzo chake ni magadi kulishambulia gamba. Saruji mbichi, ambayo pH yake hupita 12, hufanya vivyo hivyo kwa fremu za madirisha ya alumini, na ndiyo sababu fundi mwangalifu hufuta tope la saruji kwenye fremu kabla halijakauka.

Betri ambayo hakuna aliyeitaka

Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta, akiendeleza mjadala ulioanzishwa na Luigi Galvani wa Bologna, alipanga visahani vya zinki na vya metali nyingine kwa zamu, akaweka kati yao vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya chumvi, na umeme ukapita. Betri kavu ya tochi ya kawaida inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: kopo lake la ndani ni zinki, na zinki hiyo huliwa kidogo kidogo kadiri tochi inavyowaka, mpaka betri iliyosahaulika ndani ya tochi hutoboka na kuvuja.

Skrubu ya shaba iliyokazwa kwenye bamba la alumini na kunyeshewa mvua ni betri kamili, ila haimulikii mtu. Kila metali ina elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, na metali hutofautiana katika wepesi wa kuziachilia. Metali iliyo nyepesi kuachilia huitwa anodi, na atomu zake zilizopoteza elektroni hutoka kwenye metali na kuingia majini. Huko ndiko kuliwa. Metali inayopokea elektroni huitwa kathodi, nayo hubaki salama, huku juu ya uso wake oksijeni na maji vikizichukua elektroni hizo. Maji yanayobeba chaji kati ya pande hizo mbili huitwa elektroliti, na kadiri yalivyo na chumvi au magadi zaidi ndivyo yanavyoibeba kwa urahisi.

Jambo moja ambalo vitabu vingi vya mafundi hulipita ni kwamba kazi inayofanyika kwenye kathodi huzalisha ukali wa aina ya magadi katika tone la maji lililopo hapo. Kwa hiyo alumini iliyo karibu na kathodi hupata pigo mara mbili: inanyang'anywa elektroni, na wakati huo huo gamba lake linayeyushwa na maji yaliyogeuka kuwa makali.

Ili betri hiyo iwepo, mambo matatu lazima yakutane: metali mbili zilizo tofauti, njia ya umeme kati yao, na elektroliti inayozigusa zote mbili. Likiondolewa moja tu, ulikaji wa kigalvani husimama. Ushahidi wa zamani wa ukweli huo ulitoka kwa meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa HMS Alarm. Meli hiyo ilivikwa mabamba ya shaba chini ya maji mwaka 1761 ili kuizuia isiliwe na minyoo ya bahari, na ilipokaguliwa mwaka 1763 misumari ya chuma iliyoshika mabamba hayo ilikutwa imeoza vibaya, isipokuwa ile ambayo karatasi nzito iliyofungia shaba ilikuwa imesahaulika kati ya msumari na bamba. Karatasi ilikata mguso, na msumari ukabaki mzima. Mbinu nyingi za kisasa zitakazotajwa katika sura hii zinafuata somo la karatasi hiyo.

Nani humla nani

Wahandisi wamezipanga metali kwa utaratibu uitwao mfululizo wa kigalvani, ambao hupimwa kwa kuzitumbukiza katika maji ya bahari. Iliyo juu katika orodha ifuatayo huliwa inapounganishwa na iliyo chini yake:

- magnesiamu
- zinki
- alumini, na karibu yake kadimiamu
- chuma cha kawaida
- risasi na bati
- nikeli, shaba nyekundu na shaba ya manjano
- chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi
- fedha, grafiti na dhahabu

Umbali kati ya metali mbili hupimwa kwa volti. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi inasema kwamba mahali pakali kama pwani, tofauti isizidi volti 0.15, nje kwa kawaida, isizidi volti 0.25, na ndani ya jengo pakavu panapodhibitiwa, inaweza kufika volti 0.50. Zinki na alumini hutofautiana kwa robo ya volti hivi, na anayeumia ni zinki. Alumini na shaba hutofautiana kwa kiasi kinachokaribia nusu volti, na hapo anayeumia ni alumini.

Msomaji aliyesoma kemia ya shule anaweza kushangaa, kwa kuwa majedwali ya darasani huiweka alumini kwenye volti -1.66 na zinki kwenye -0.76, maana yake alumini ndiyo inayopaswa kuliwa. Majedwali hayo ni sahihi kwa metali tupu. Alumini ya kila siku imevaa gamba lake, na gamba hilo huishusha ngazi katika orodha mpaka chini ya zinki. Likiondolewa, mpangilio unaweza kugeuka, na jambo hilo litarejewa linapofikiwa suala la ziwa.

Mpako upi ni rafiki wa alumini

Bolti, skrubu na vishikizo vingi vya dukani ni vya chuma kilichopakwa metali nyingine, kwa hiyo alumini haikutani na chuma bali na mpako. Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa na maana.

Zinki ndiyo mpako unaopatikana kwa urahisi na unaofaa kwa kazi nyingi. Zinki ikigusana na alumini yenyewe ndiyo huliwa, nayo hujitoa kwa ajili ya chuma kilicho chini yake na kwa ajili ya alumini iliyo kando. Hata hivyo zinki si ya milele, na unene wake ndio muda wake. Bolti zinazong'aa, ziwe nyeupe au za manjano, kwa kawaida zimepakwa zinki kwa umeme, na tabaka lake huwa na maikroni 5 hadi 12 tu, ambapo maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bolti zilizochovywa katika zinki iliyoyeyushwa huwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, uso usio laini, na tabaka lenye unene mara kadhaa ya lile la kwanza. Mnunuzi huvutiwa na inayong'aa. Kwa kazi ya nje inayogusa alumini, ile ya kijivu ndiyo yenye thamani, kwa sababu siku zinki itakapokwisha bolti itabaki chuma kitupu, na kuanzia siku hiyo alumini ndiyo itakayokuwa anodi.

Mabati ya kisasa ya paa yana mpako mwingine, mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6 kwa uzito, uliobuniwa na kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani na kuingia sokoni mwaka 1972. Nchini Kenya, Mabati Rolling Mills yenye kiwanda Mariakani ni miongoni mwa watengenezaji wa mabati ya jamii hiyo. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya mpako huo ni alumini, kila kinachoidhuru alumini huudhuru nao, na mwenye nyumba anapaswa kuliona paa lake kama paa la alumini hata kama chini yake kuna chuma.

Nikeli, kromi na shaba ni mipako ya kuogopwa. Ikipakwa juu ya alumini yenyewe kwa ajili ya kung'arisha, kama inavyofanywa kwa rimu za magari, huwa salama mradi haina hata tundu moja. Ikipata mkwaruzo au tundu dogo kama ncha ya sindano, maji hupenya, na eneo dogo sana la alumini hujikuta likiilisha kathodi kubwa iliyolizunguka pande zote. Shimo huenda chini kwa kina na mpako hubanduka. Ikipakwa juu ya bolti inayokazwa kwenye alumini, mpako hubaki ukimeremeta huku bamba lililoizunguka likigeuka unga.

Bati lina nafasi yake ya pekee katika kazi ya umeme, kama itakavyoelezwa. Kadimiamu iko karibu kabisa na alumini katika mfululizo na ilipendwa sana na watengenezaji wa ndege, lakini ni sumu, na matumizi yake yamebanwa katika nchi nyingi.

*Kwa muhtasari: mpako unaofaa kugusa alumini ni ule ulio karibu nayo katika mfululizo au ulio juu yake kidogo, hasa zinki nene. Mpako ulio mbali chini yake, kama shaba, nikeli na kromi, hauna budi kutengwa nayo.*

Ukubwa wa eneo, na upande wa kupaka rangi

Kosa linalorudiwa kuliko yote hutokana na nia njema. Fundi huona alumini ndiyo inayoliwa, huipaka rangi ili kuilinda, na kuiacha shaba au stenlesi ilivyo. Baada ya misimu michache ya mvua alumini hutoboka haraka kuliko ambavyo ingetoboka bila rangi.

Sababu ni kwamba kasi ya kuliwa haitegemei tofauti ya volti peke yake, bali pia uwiano wa maeneo yaliyolowa. Kathodi kubwa hudai elektroni nyingi, na anodi ikiwa ndogo, madai yote hayo huangukia mahali padogo. Rangi haikosi mkwaruzo. Alumini iliyopakwa rangi ikikwaruzwa, anodi yote inakuwa ule mkwaruzo, na kathodi inabaki kubwa kama ilivyokuwa. Upande unaopaswa kupakwa rangi kwanza ni ule usioliwa, yaani kathodi, kwa sababu mkwaruzo kwenye kathodi ni kathodi ndogo, na kathodi ndogo haina nguvu ya kuila alumini kubwa. Pande zote mbili zikipakwa ni bora zaidi. Kama rangi inatosha upande mmoja tu, ipakwe kwenye shaba au chuma, na alumini iachwe wazi.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini riveti za chuma katika bamba pana la alumini hudumu, ilhali riveti za alumini katika bamba pana la chuma hukatika. Mifereji ya maji ya paa inayotengenezwa na mafundi wa jua kali huunganishwa mara nyingi kwa riveti za alumini juu ya mabati ya zinki. Miaka ya kwanza zinki huilinda riveti. Zinki ikiisha ndani ya mfereji, ambako maji hutuama, riveti ndogo hubaki imezungukwa na chuma kipana, na kiungo huachia. Inaeleza pia kwa nini skrubu ya stenlesi, ambayo iko mbali na alumini katika mfululizo, huvumilika katika bamba kubwa la alumini mahali pakavu kama Gilgil, lakini ni hatari Mombasa, ambako hewa ya bahari hulowesha bamba na skrubu kwa chumvi usiku na mchana.

Magadi ya Elmenteita na vumbi la Kariandusi

Ziwa Elmenteita, ambalo tangu mwaka 2011 liko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Nakuru na Bogoria, liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,780 na halina mto unaotoka. Mito michache, ukiwemo Kariandusi, na chemchemi za moto hulilisha, jua huyachukua maji, na chumvi za sodiamu hubaki, ndiyo maana pH ya maji yake hupita 9. Kwa alumini, maji hayo yako nje ya mpaka wa usalama hata kabla ya metali ya pili kutajwa. Metali ya pili ikiwepo, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa gamba likiyeyuka alumini hupanda ngazi katika orodha, na kadiri magadi yanavyozidi inaweza kupanda hata juu ya zinki. Hapo bolti yenye zinki, ambayo kwa kawaida huilinda alumini, hukoma kuilinda. Kwa sababu hiyo pampu, ngazi, vibao na fremu zitakazoloweshwa kwa maji ya ziwa hazifai kutengenezwa kwa alumini, na hakuna mpako wa bolti utakaolirekebisha kosa hilo. Chuma kilichopakwa rangi nzito ya epoksi, plastiki au mbao ni chaguo la busara zaidi.

Mbali na ufuko, adui ni vumbi na umande. Kariandusi inajulikana kwa mambo mawili yaliyo karibu karibu: eneo la zana za mawe, yakiwemo mashoka ya mkono ya mawe meusi ya volkeno, lililogunduliwa na msafara wa Louis Leakey mwaka 1928, na mgodi wa daitomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya mimea midogo sana iliyoishi katika ziwa la kale. Magamba hayo ni ya silika, ambayo kikemia haiidhuru alumini hata kidogo. Tatizo ni vitundu vyake. Daitomaiti hunywa maji mengi kuliko uzito wake, na sifa hiyo inayoifanya ifae kuchujia vinywaji ndiyo inayoifanya iwe mzigo inapotulia kwenye kiungo cha paa au ndani ya ukingo wa mlango wa gari. Umande wa alfajiri ambao kwenye bamba safi ungekauka kabla ya saa tatu asubuhi hubaki ndani ya vumbi kwa muda mrefu zaidi, na muda wa kulowa ndio muda wa betri kufanya kazi.

Haki inadai isemwe kwamba hewa ya nyanda hizi, kwa jumla, ni pole. Kiungo ambacho kingeharibika upesi Malindi au Lamu kinaweza kukaa hapa kwa miaka mingi. Upole huo huwafanya watu wasahau, na uharibifu hugunduliwa ukiwa umefika mbali, kwenye pembe chache ambazo hazikauki.

Funzo la Land Rover

Hakuna chombo kinachoonyesha suala hili waziwazi kama Land Rover za zamani, ambazo kwa miongo mingi zimetumika katika mashamba, vituo vya polisi na hifadhi za wanyama za Bonde la Ufa. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma cha mabamba kilipokuwa haba Uingereza baada ya vita, na watengenezaji wakaamua kutumia mabamba ya Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu, yaani mchanganyiko wa metali hizo mbili. Fremu ya chini na kiunzi cha mbele vilibaki vya chuma, na pembe za bodi zikafunikwa kwa vipande vya chuma vilivyochovywa katika zinki.

Mahali ambapo alumini ilikutana na vipande hivyo vya zinki palidumu vizuri muda mrefu. Milango ilikuwa hadithi nyingine. Bamba la nje la alumini lilikunjwa juu ya fremu ya chuma, maji na vumbi vikaingia kwenye mkunjo huo, rangi iliyokuwa kati yao ikachakaa, na ukingo wa chini ukaanza kuvimba. Unga mweupe unaotoka hapo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, kwa hiyo huisukuma rangi nje kama malengelenge. Fundi akikwangua malengelenge na kupaka rangi upya juu ya alumini, amekwisha kutenda lile kosa lililotajwa: ameipunguza anodi na kuiacha kathodi ndani ya mkunjo bila kuguswa. Matengenezo ya kweli ni kuufungua mkunjo, kusafisha chuma, kukipaka rangi ya kwanza yenye zinki na rangi ya juu, kuweka utepe au gundi isiyopitisha maji kati ya metali mbili, na kuacha vitundu vya kutolea maji chini ya mlango.

Shaba juu ya paa na kwenye nyaya

Shaba ndiyo jirani mbaya kuliko wote wa alumini, na ina uwezo wa kudhuru bila kugusana nayo. Maji yakipita juu ya shaba hubeba ioni zake, yaani atomu zilizopoteza elektroni. Yakidondoka kwenye alumini au kwenye mabati yenye alumini na zinki, ioni hizo hujibandika kama vidoa vidogo vya shaba, na kila kidoa huwa kathodi ya kudumu. Bomba la shaba la kifaa cha kuchemshia maji kwa jua, likimwaga maji ya ziada juu ya paa, huchora mstari wa mashimo kufuata njia ya maji. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki dhidi ya mchwa hufanya jambo kama hilo zikiwa mbichi au zikilowa. Karatasi ya lami au utepe wa plastiki kati ya mbao na bati huzuia hasara hiyo kwa gharama ndogo.

Paneli za sola zinahitaji uangalifu ule ule. Fremu zake ni alumini, na sheria za usalama wa umeme hutaka ziunganishwe na waya wa ardhi, ambao mara nyingi ni wa shaba. Waya huo usibanwe moja kwa moja kwenye fremu. Unafungwa kwenye kishikio cha shaba kilichopakwa bati, kisha kikatengwa na alumini kwa ringi ya stenlesi, ili shaba tupu isiguse alumini mahali popote. Kwenye mita ya nyumba, ambako waya wa alumini kutoka nguzoni hukutana na shaba ya ndani, hutumika kiungio cha metali mbili, ambacho upande mmoja ni alumini na mwingine ni shaba, na muungano wao ulifanywa kiwandani bila nafasi ya maji kuingia. Waya zikisokotwa pamoja kwa mkono na kufungwa kwa utepe mweusi, kiungo huoza, ukinzani hupanda, joto huongezeka, na moto unaweza kufuata.

Njia kubwa za umeme zinazotoka Olkaria, ambako kitengo cha kwanza cha umeme wa mvuke wa ardhini kilianza kazi mwaka 1981, zinaonyesha jinsi jambo hili linavyofanywa kwa ustadi. Waya za namna hiyo kwa kawaida huwa za alumini zilizozungushiwa kiini cha chuma ili kuzipa nguvu, na chuma hicho hupakwa zinki na mara nyingi grisi nzito: zinki kwa sababu ni rafiki wa alumini, grisi kwa sababu inazuia maji. Olkaria kwenyewe kuna gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo huitia shaba weusi na kuila lakini haina nguvu hiyo juu ya alumini, na ndiyo sababu shaba iliyo wazi huko huhitaji kufunikwa.

Hatua za kuchukua

Kwa anayejenga au kutengeneza, mambo yenye uzito mkubwa ni haya:

1. Achague bolti za zinki nene iliyochovywa, au riveti za alumini kwa alumini, badala ya kitu kinachong'aa.
2. Atenganishe metali kwa ringi za mpira au nailoni, na aikumbuke shingo ya bolti pia, kwa sababu ringi chini ya kichwa peke yake haizuii mguso ndani ya tundu.
3. Apake rangi pande zote mbili, na kama ni upande mmoja, iwe kathodi.
4. Azibe ukingo wa kiungo kwa gundi isiyopitisha maji, na ayape maji njia ya kutoka.
5. Asiruhusu maji kutiririka kutoka kwenye shaba kwenda kwenye alumini. Kinyume chake hakina madhara.
6. Aoshe vumbi kwenye viungo kwa maji safi kabla ya mvua za masika kuanza, wala si kwa maji ya ziwa.

Bolti iliyoanza kuonyesha wekundu ibadilishwe mwaka huo huo, kwa sababu wekundu huo ni dalili kwamba zinki imekwisha na zamu ya alumini imefika. Unga mweupe ukionekana kuzunguka kichwa cha skrubu, kiungo kifunguliwe na kuchunguzwa kabla ya kufikiria rangi. Alumini iliyokwisha kutoboka hairudishwi kwa mpako wowote. Kipande hicho hukatwa, na kingine huwekwa mahali pake.